Umekatwa Kiungo na Unataka Kushindana kwa Makasia? Anzia Hapa

Maswali ni yaleyale kila msimu. "Nimekatwa mguu juu ya goti, naweza kupiga makasia?" "Nivue mguu bandia au niingie nao kwenye boti?" "Mimi ni wa daraja gani?" "Na boti ikipinduka?" Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao anayeanza atakutana nayo. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekatwa mguu au mkono anayelenga mashindano. Kama unataka kupunga upepo tu majini, hiyo nayo ni haki yako, ila nusu ya haya hutayahitaji.

Shika hili kwanza: wanaopanga wachezaji katika mchezo huu hupima kazi ambayo mwili wako unaweza kufanya kwenye boti. Jina la ulemavu wako haliwapi jibu. Tazama watu wawili. Blake Haxton wa Marekani alipoteza miguu yote miwili mwaka 2009 kwa maambukizi ya bakteria, na akashindana kwenye Paralimpiki za Rio 2016 na Tokyo katika daraja ambalo sasa linaitwa PR1 (madaraja nayaeleza hapa chini). Gregg Stevenson wa Uingereza naye hana miguu yote miwili, amekatwa juu ya magoti, lakini yeye ni PR2, na akiwa na Lauren Rowles alitwaa dhahabu Paris 2024. Kwa hiyo mtu akikuambia "waliokatwa miguu miwili wote ni daraja fulani", mshukuru kisha usimsikilize.

Madaraja kwa ufupi

PR1 ni wanaotegemea mikono na mabega. Kiti hakisogei, kina egemeo la mgongo, na mchezaji hufungwa mkanda kifuani ili kiwiliwili kisivute. Hushindana peke yao kwenye boti ya mtu mmoja yenye maboya mawili ubavuni, yanayofanya kazi ileile ya matengo ya ngalawa. Humu ndimo alimo Asiya Mohammed wa Kenya, aliyepoteza miguu katika ajali ya treni akiwa mtoto mdogo na akafika Paralimpiki ya Tokyo.

PR2 wana kiwiliwili na mikono. Kiti bado hakisogei, lakini unaruhusiwa kuinama mbele na kulala nyuma, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Kwenye Paralimpiki hushindana wawili wawili, mwanamume na mwanamke katika boti moja.

PR3 wanatumia miguu, kiwiliwili na mikono, kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli. Wengi waliokatwa mguu mmoja chini ya goti, au mkono mmoja, huangukia hapa. Kuna boti ya watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, pamoja na mshika usukani ambaye si lazima awe na ulemavu. Tangu Paris 2024 kuna pia boti ya wawili mchanganyiko. Ili kuingia PR3 kuna kiwango cha ulemavu ambacho lazima ukifikie. Kukosa kidole kimoja cha mguu hakukuingizi.

Madaraja yote hushindana mita 2,000. Mchezo huu ulipoingia Paralimpiki, Beijing 2008, ulikuwa wa mita 1,000, na uliendelea hivyo hadi Rio. Umbali uliongezwa mwaka 2017. Ukikuta ratiba ya mazoezi iliyoandikwa kwa mbio za mita 1,000, ni ya zamani, iache.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Kigutu kilichopona kabisa: hakuna kidonda, hakuna usaha, mshono umefunga.
- Barua ya daktari inayosema moyo, mapafu na mgongo vinaruhusu mazoezi makali.
- Uwezo wa kuelea na kujisogeza majini bila kiungo bandia. Hili halina mjadala.
- Klabu yenye kocha na boti ya uokoaji. Kocha asiyewahi kumfundisha mwenye ulemavu si tatizo. Kocha asiyetaka kujifunza ndiye tatizo.
- Mashine ya kupiga makasia ya nchi kavu, yako au ya klabu.
- Fundi wa viungo bandia anayepokea simu zako, kama unatumia kiungo bandia.
- Nguo za kubana zisizo na mshono mnene kwenye makalio na mapaja.
- Nakala za rekodi zako za hospitali: ripoti ya upasuaji, picha za eksirei, barua za wataalamu. Anza kuzikusanya leo. Zitakuja kutakiwa wakati huna muda.

Boti yako mwenyewe huihitaji sasa, na mguu bandia maalumu wa makasia huuhitaji pia. Katika mwaka wa kwanza baada ya upasuaji kigutu hupungua unene, na soketi (kikombe cha kiungo bandia kinachopokea kigutu) iliyokukaa vizuri sasa itakuwa inacheza baada ya miezi michache. Subiri kitulie ndipo utumie pesa.

Hatua ya 1: Kagua ngozi yako

Kabla ya kugusa kasia, jifunze kukagua kigutu chako kwa kioo na kwa vidole, kila siku, asubuhi na baada ya mazoezi. Kupiga makasia ni kurudia tendo lilelile mara mamia huku umekaa, unatoka jasho, na pengine umelowa. Ngozi ndiyo itakayokuangusha kabla ya misuli.

Kipimo ni rahisi. Maliza dakika 20 za mazoezi, vua kiungo bandia, kausha, tazama wekundu. (Kama ngozi yako ni nyeusi sana wekundu hauonekani vizuri, basi gusa: tafuta joto, ugumu au maumivu.) Alama iliyoondoka ndani ya dakika 10 hadi 15 ni ya kawaida. Ikibaki zaidi ya hapo, mgandamizo ni mkubwa mno mahali hapo, na kesho huendelei mpaka umerekebisha.

Onyo: usipasue malengelenge ili "yakauke haraka". Siku tatu za kupumzika ni bora kuliko mwezi wa kidonda kilichoingia wadudu.

Kagua pia makalio, hasa kama hisia zimepungua upande mmoja.

Hatua ya 2: Jikadirie daraja

Hutajipa daraja mwenyewe, lakini unahitaji makadirio ili ujue ujifunze kwenye kiti gani. Kaa kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu bandia imevuliwa. Inama mbele kutoka kwenye nyonga, kisha lala nyuma kidogo, kisha rudi katikati, bila kushika chochote. Ukiweza kwa utulivu, kiwiliwili chako kinafanya kazi. Kama unaanguka au lazima ujishike, anza kama PR1.

Kiwiliwili kikiwa sawa, jiulize kuhusu kuteleza: mguu wako mmoja au yote miwili inaweza kusukuma kikanyagio na kukurudisha mbele kwenye reli, na kiungo bandia kikae mahali pake? Kama ndiyo, jaribu kiti kinachoteleza. Waliokatwa mguu mmoja juu ya goti wako mpakani. Wapo wanaoteleza vizuri kwa mguu mmoja, wapo wanaopindika vibaya. Ushauri wangu ni kujifunza kwanza kwenye kiti kisichosogea, hata kama unadhani utaishia PR3. Kiwiliwili kinachojua kuvuta hakiendi bure.

Hatua ya 3: Anza nchi kavu

Mashine iliyoenea zaidi duniani ni ya Concept2, na inaweza kufungwa kiti kisichosogea badala ya kile cha kuteleza. Mwanzoni, klabu nyingi hukizuia tu kiti cha kawaida kwenye reli na kuongeza egemeo. Inatosha kwa kujifunza, mradi kiti kisisogee hata kidogo unapovuta.

Fuata mpangilio huu:

1. Weka wenzo wa hewa wa pembeni kwenye 3 hadi 5. Kuuweka kwenye 10 hakukupi nguvu, kunakupa maumivu ya mgongo. Wanaume wapya huuweka kwenye 10 karibu wote.
2. Kaa wima, shika mshikio kwa vidole, usiuminye.
3. PR3: sukuma kwa miguu, kisha fungua kiwiliwili, kisha vuta mikono hadi chini ya kifua. Kurudi ni kinyume: mikono, kiwiliwili, miguu. PR2: anza na kiwiliwili, malizia na mikono. PR1: nyoosha mabega mbele kadiri mkanda unavyoruhusu, vuta, malizia kwa kubana mabega nyuma.
4. Fanya dakika 5 mara nne, ukipumzika katikati, kwa kasi ya kuweza kuongea. Mara tatu kwa wiki.
5. Usijipime muda kwa mwezi wa kwanza. Funika kioo cha mashine kama huwezi kujizuia.

Uliyekatwa mkono chini ya kiwiko utahitaji kifaa cha kuunganisha mkono bandia na mshikio. Sharti lake moja: lazima kiachie papo hapo ukikivuta. Kwenye mashine inaonekana si kitu, majini ni uhai. Na kwa mashindano, tazama zaidi boti ya wanne ya PR3, kwa sababu mle kila mtu ana kasia moja refu, tofauti na boti ya wawili ambamo kila mtu anashika mawili.

Hatua ya 4: Jifunge na ukae sawa

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda kuliko mahali pengine popote. Wiki mbili za kurekebisha kiti na mikanda zitakulipa kuliko miezi miwili ya kukazana umekaa vibaya.

Kama umekatwa chini ya goti na unateleza na mguu bandia, tatizo la kwanza litakuwa nyuma ya goti. Unapofika mbele kabisa, goti linakunjika sana, na ukingo wa nyuma wa soketi unachimba kwenye nyama ya nyuma ya goti huku ukingo wa mbele ukisukumwa kutoka kwenye mfupa. Wengi hudhani ni kawaida na kuvumilia. Usivumilie. Kwanza weka kizuizi kwenye reli ili kiti kisimame sentimita chache kabla ya pale maumivu yanapoanza. Utapoteza urefu kidogo wa mvuto, basi. Kisha mpelekee fundi video iliyopigwa kutoka ubavuni, umtake aushushe au auviringe ukingo wa nyuma. Fundi aliyezoea kuona watu wakitembea hajui kama goti lako linakunjika kiasi hicho mpaka aone.

Kifundo cha mguu bandia nacho huwa hakikunjiki, kwa hiyo kisigino kinanyanyuka mapema. Inua au shusha kikanyagio cha upande huo peke yake. Vikanyagio viwili si lazima viwe kwenye urefu mmoja, ingawa mafundi wa boti watakushangaa.

Kama umekatwa juu ya goti na unakaa kwenye kiti kisichosogea, vua mguu bandia kama kigutu kinakaa vizuri kwenye kiti. Uzito unapungua, na ukipinduka unatoka haraka. Ubaya wake ni kwamba upande mmoja unakuwa mwepesi na nyonga inazunguka kila ukivuta. Ziba pengo kwa sponji ngumu chini ya kigutu na pembeni ya nyonga, kidogo kidogo, mpaka picha iliyopigwa kutoka nyuma ionyeshe mabega yako yako sawa.

Sasa mikanda. Kanuni za kimataifa ni kali kwa sababu ya usalama: mkanda usiwe wa kuvutika, upana wake usipungue milimita 50, usiwe na bizimu ya chuma wala ya plastiki, na uachie kwa tendo moja la haraka la mkono. Mikanda yote iachie kuelekea upande mmoja, na rangi yake itofautiane na nguo zako ili mwokoaji aione. Kwa hiyo ni velkro (utepe wa kunatana), na velkro iliyochoka hubadilishwa. Ya PR1 kifuani hukaa chini kidogo ya matiti. Ikipanda juu utashindwa kupumua, ikishuka utakuwa unatumia kiwiliwili na mwamuzi ataona.

Onyo: usifunge fundo, usiongeze pini, usikubali mtu akukaze kwa plasta "ili usitikisike". Hata mazoezini.

Hatua ya 5: Pinduka kwa makusudi

Usiingie kwenye boti kabla ya hatua hii. Ifanye kwenye bwawa au maji tulivu ya kina cha kifua, ukiwa na wasaidizi wawili waliosimama majini.

1. Elea kwanza bila boti, bila kiungo bandia, ukiwa umevaa jaketi la kuokolea. Mwili uliokatwa mguu hauelei kama zamani: upande mwepesi hunyanyuka na jaketi linaweza kukugeuza kifudifudi. Ukiona hivyo, badilisha aina ya jaketi au urekebishe mikanda yake.
2. Rudia ukiwa na kiungo bandia, kama unapanga kupiga makasia nacho. Baadhi ya miguu bandia ina hewa ndani, hupanda juu na kuacha kichwa chini. Mingine hujaa maji na kuvuta. Ujue wako ni upi.
3. Kaa kwenye boti iliyoshikwa, funga mikanda yote, funga macho, ifungue. Kifua kwanza, kisha mapaja, kisha miguu. Rudia mpaka mkono uende wenyewe.
4. Wasaidizi wakupindue. Fungua, toka, shika boti, subiri.
5. Ukifaulu mara tatu mfululizo bila kusaidiwa na bila kuhangaika, umepita.

Jihadhari na mguu bandia unaofungwa kwa pini, ule usiovulika mpaka ubonyeze kitufe. Ukiufunga kwenye kiatu cha boti, njia pekee ya kutoka ni kiatu kukuachia. Hakikisha kamba ya kuvulia viatu inafika mkononi mwako na kwamba kiatu kinaachia kweli. Na maboya ya PR1 yasikudanganye: yanasaidia usawa, ila boti yenye maboya inaweza kupinduka, na ikishapinduka ni nzito kuigeuza. Boti ya PR1 kimashindano haitakiwi kuwa chini ya kilo 24, wakati ile ya kawaida ya mtu mmoja kiwango chake ni kilo 14.

Hatua ya 6: Majini

Mara za kwanza kaa kwenye boti pana ya mafunzo, au kwenye boti ya wawili ukiwa na mwenye uzoefu nyuma yako. Kumbuka unakaa umeupa mgongo mwelekeo unakokwenda, kwa hiyo jifunze kugeuza shingo kila mivuto michache.

Panga mapema utaingiaje na kutokaje. Gati lenye kimo kikubwa juu ya maji linamshinda mtu mwenye kigutu kifupi kuliko mbio zenyewe. Weka ubao au mto kwenye ukingo, teremka kwa makalio, na mtu ashike boti kwenye kishwara, pale kasia linaposhikiliwa. Kiti cha magurudumu au magongo yabaki na mtu, yasiachwe gatini yakasukumwa majini na upepo.

Kwa wiki chache lengo ni moja: bapa la kasia liingie majini lote, lisizame zaidi ya hapo, na litoke bila kunasa. Kasi itakuja yenyewe.

Hatua ya 7: Jenga mwili wa mita 2,000

Mbio za PR1 kwa wanaume wa kiwango cha juu huchukua zaidi ya dakika 9. Ni kazi ya pumzi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mazoezi iwe taratibu na ndefu, na siku mbili kwa wiki ziwe kali. Ratiba kamili atakupa kocha. Mimi nitaongeza mambo mawili ambayo makocha wa wasio na ulemavu husahau.

Mabega: kama unatembelea kiti cha magurudumu au magongo, mabega yako yameshafanya kazi kabla hujafika mazoezini. Hesabu hiyo kama mazoezi. Fanyia kazi misuli ya nyuma ya bega kwa mpira wa kuvuta, na usiogope siku nzima ya kupumzika.

Joto: ngozi ndiyo inayopoza mwili. Mwenye kigutu ana ngozi pungufu, na sehemu nyingine imefunikwa na soksi ya silikoni isiyopitisha hewa. Utapata joto mapema kuliko wenzako. Kunywa maji kabla hujasikia kiu, na beba soksi kavu ya kubadilisha.

Hatua ya 8: Uainishaji

Usisubiri uwe na kasi ndipo uulize. Kupitia klabu, omba shirikisho la taifa likupangie uainishaji wa ndani. Ule wa kimataifa hufanywa chini ya World Rowing, shirikisho la makasia la dunia, kwa kawaida kwenye mashindano, siku chache kabla ya mbio.

Utakutana na jopo lenye mtaalamu wa tiba na mtaalamu wa makasia. Watapitia karatasi zako, watapima nguvu na mwendo wa viungo ukiwa umelala au umekaa, watakutazama kwenye mashine, kisha majini. Nenda na kila kitu unachotumia: kiungo bandia, sponji, mikanda, kishikio cha mkono. Usinunue kifaa kipya usiku wa kuamkia siku hiyo.

Onyo: kujifanya dhaifu kuliko ulivyo ili upate daraja la chini ni kosa lenye adhabu ya kufungiwa. Wanakuona pia unapofunga viatu na unaponyanyua boti. Vuta kwa nguvu zako zote na uwaache waamue. Daraja usilokubaliana nalo lina utaratibu wake wa kupinga, wenye muda maalumu, na kocha ndiye anayepaswa kuufuata.

Unaweza kupewa daraja lenye alama ya kurudiwa. Ni kawaida kwa wapya, si shutuma.

Hatua ya 9: Mashindano ya kwanza

Anza na ya mashine ya nchi kavu. Hakuna upepo, hakuna kupinduka, na yapo yenye madaraja ya PR1, PR2 na PR3, hata ya dunia. Baada ya hapo nenda regata (mashindano ya boti) ndogo ya majini kabla ya kufikiria timu ya taifa.

Jambo linalowaponza waliokatwa viungo ni dawa za maumivu. Tramadoli, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya kigutu, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu tarehe 1 Januari 2024. Mofini na oksikodoni nazo haziruhusiwi wakati wa mashindano, na sindano za kortizoni vilevile. Usiache dawa ghafla kwa hofu. Mweleze daktari kwamba wewe ni mwanamichezo, akubadilishie au akusaidie kuomba kibali cha matumizi ya tiba mapema.

Mambo yakikwama

*Kigutu kimevimba, mguu bandia hauingii baada ya mazoezi.* Umekaa muda mrefu kikining'inia. Lala, kiinue, kifunge bandeji ya kubana kwa nusu saa. Ikitokea kila mara, vua soketi mara tu unapotoka majini.

*Soketi inalegea katikati ya mazoezi.* Jasho. Simama, vua, kausha, vaa soksi ya ziada. Ukiendelea nayo ikicheza, lengelenge halikwepeki.

*Boti inavuta upande mmoja.* Wa kwanza kushukiwa ni kiti, mkono ndiye wa pili. Nyonga ikizunguka, kasia moja huingia kabla ya jingine. Rudi hatua ya 4 na picha ya kutoka nyuma.

*Maumivu kwenye mguu usiokuwepo yanaongezeka usiku baada ya mazoezi makali.* Huwapata wengi. Jaribu kuvaa soksi ya kubana, kukanda kigutu, na kushusha ukali kwa wiki moja. Yakizidi au yakija na uvimbe na joto, muone daktari.

*Maumivu makali kama shoti ya umeme ukigusa sehemu moja ya kigutu.* Inaweza kuwa neva iliyofanya uvimbe. Hakuna sponji itakayotibu hilo, nenda hospitali.

*Mikono ina ganzi kwa mchezaji wa PR1.* Mkanda wa kifua umepanda hadi kwapani, au mshikio ni mwembamba mno na unauminya. Shusha mkanda, nenepesha mshikio.

*Mbavu zinauma chini ya mkanda.* Mkanda mpana zaidi, sponji nyembamba ndani yake, na punguza mazoezi makali. Maumivu yanayoongezeka ukikohoa au ukivuta pumzi yanahitaji daktari, kwa sababu ubavu unaweza kuwa na ufa.

*Muda kwenye mashine haushuki tena.* Hesabu ni siku ngapi kwa wiki unafanya taratibu kwelikweli. Jibu likiwa hakuna hata moja, anzia hapo.

*Klabu haina boti ya PR1.* Endelea na mashine, fanya hatua ya 5 mpaka uizoee, na uulize shirikisho kama lina maboya ya kufunga kwenye boti ya kawaida ya mafunzo. Kwa kujifunza yanatosha. Boti yenye vipimo vya mashindano utaihitaji ukishapewa daraja, na wakati huo ombi lako litakuwa na karatasi ya kuambatanisha.